Unataka Pitts kwenye simuleta? Anza na mzee wa ukoo

Vijana wanaonitafuta kuuliza mambo ya simuleta, ile programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, karibu wote wana swali moja, nianze na Pitts gani, hizo ndege ndogo za sarakasi za angani, na karibu wote washaamua tayari kwamba ni ile mpya yenye injini kubwa. Mi huwa nawaambia hapana, anza na mzee kisha uteremke kwa watoto na wajukuu, manake kila ndege kwenye ukoo huu ilikuja kuziba pengo la iliyoitangulia, na kama hujalionja hilo pengo hutaelewa mbona hiyo mpya iko vile ilivyo, utabaki kuvuta joistiki tu.

Mzee mwenyewe ni S-1 ya Curtis Pitts, Mmarekani, iliruka mara ya kwanza 1944. Enzi hizo sarakasi za angani zilikuwa za ndege kubwa nzito zenye mabawa ya juu na chini, yeye akaona afanye kitu kidogo, chepesi, injini haifiki hata nguvu farasi 100. Ya pili yake akainunua dada mmoja Betty Skelton, akaipa jina Little Stinker, akabeba ubingwa wa sarakasi wa wanawake Marekani 1948, 1949 na 1950. Leo iko makumbusho ya Smithsonian kule Virginia, wameitundika kichwa chini, na hapo nawapa heko, ndege kama ile ukiisimamisha sakafuni unaionea.

Pengo la zile za mwanzo utalijua dakika ukipinduka. Bawa lake upande wa chini limekaa bapa kiasi, kwa hiyo linabeba vizuri ukiruka kawaida, ukigeuka kichwa chini lazima usukume pua juu sana la sivyo unashuka huku ukijiona rubani. Ukishahangaika na hilo jioni kadhaa ndo uingie S-1S, nguvu farasi 180, bawa lina umbo sawa juu na chini, na vile vibawa vya kuibingirisha ndege vipo kwenye mabawa yote manne badala ya yale mawili ya chini. Utasema loh! Hii ndo iliyowapa Wamarekani ushindi wa dunia 1972 kule Ufaransa, Charlie Hillard kwa wanaume, Mary Gaffaney kwa wanawake. Na upana wake kutoka ncha ya bawa hadi ncha ni mita 5.28 tu, yaani matatu ikisimama pembeni haionekani ndogo.

S-2A ikaja na viti viwili, mwalimu na mwanafunzi, nguvu farasi 200, mwili mkubwa kidogo kwa hiyo imetulia zaidi. Kikosi cha maonyesho cha Jordan, Royal Jordanian Falcons, kilianza na hizo kabla hakijahamia Extra 300 za Mjerumani Walter Extra, zenye bawa moja. S-2B na S-2C ni nguvu farasi 260, na S-2S pia, hiyo ina kiti kimoja na ndo iliyo ndani ya Microsoft Flight Simulator ya 2020, za wazee utazitafuta kama nyongeza, chunga bando lako.

Sasa sehemu ambayo video za Wazungu hazitakwambia. Wengi wao wanafanyia mazoezi sehemu za chini, sisi uwanja wa Entebbe, Uganda, uko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ndege imepaki na altimita, kile kipimo cha urefu, inasoma karibu 3,800. Mtu akikwambia anza lupu, ule mzunguko wa duara la wima, ukiwa 3,000 na wewe ukamfuata hivyo hivyo, utakuwa unaifanyia chini ya udongo. Marubani wengi wa sarakasi huko kwao wanarudisha altimita sifuri kabla ya kupaa, lakini hapa huo ujanja unagoma, kidirisha cha kuwekea shinikizo la hewa kwenye altimita nyingi kinaishia kama inchi 28 za zebaki na hewa ya Entebbe iko kama 26. Basi fanya hesabu kichwani, unataka futi 4,000 chini yako, panda mpaka 7,800. Na hewa yetu nyepesi inakula kama sehemu moja ya kumi ya nguvu ya injini kabla hujaacha hata ardhi, huko juu inakula zaidi, kwa hiyo ukipanda wima na S-1S usishangae imechoka mapema kuliko ya kwenye video, si joistiki yako mbovu.

Kutua ndo kazi. Ukoo mzima una gurudumu la mkia, pua inakuziba huoni mbele, ndege fupi, na ikigusa chini inatafuta kugeuka itazame ilikotoka. Kabla ya kununua chochote kingine nunua pedali za miguu, bei ikikushinda chukua joistiki ambayo mpini wake unazungushwa kushoto na kulia. Njoo ukipinda ili uone uwanja kwa pembeni, nyoosha dakika ya mwisho, halafu miguu isilale hata ikishagusa. Anzia njia kubwa ya kurukia ya Entebbe, mita 3,658, hata ukielea una nafasi. Kajjansi, kile kiwanja kidogo cha jirani, iache mpaka utue mara kadhaa mfululizo bila kuzunguka, na siku yenyewe weka upepo sifuri kwanza.