Maswali Yenu: Bakteria wa Tumboni Wanakula Nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Baada ya kumaliza dozi ya antibayotiki tumbo langu lilivurugika, nikanunua kapsuli za probayotiki, yaani bakteria hai wa kusaidia tumbo. Kwenye kopo wameandika kuwa ndani mna bakteria waitwao laktobasili pamoja na inulini. Wifi yangu anasema inulini ni chakula cha hao bakteria. Kama wanahitaji chakula, kwa nini wasipewe sukari tu? Na chakula hicho kikishafika, nini kinawazuia bakteria wabaya wasikile?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sukari unayokula haiwafikii. Inafyonzwa na kuingia kwenye damu ikiwa bado kwenye utumbo mwembamba, na bakteria wengi wanaishi mbele zaidi, kwenye utumbo mpana. Inulini ni molekuli za fruktosi, yaani sukari ya matunda, zilizofuatana kama shanga kwenye uzi, nazo zimeungwa kwa namna ambayo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo inapita kote huko juu na kufika utumbo mpana karibu yote ikiwa nzima.

Huko sasa kuna wanaoiweza na wasioiweza. Wanafunzi wangu huwa nawaonyesha jambo hili kwa macho. Tunatengeneza mchuzi wa kuoteshea bakteria usio na sukari yoyote, tunatia rangi ya zambarau inayogeuka njano ikikutana na asidi wanayotoa bakteria wakila, kisha kila mrija tunautilia wanga wake: huu glukosi, huu fruktosi za mnyororo mfupi, huu inulini ya mnyororo mrefu. Tunapanda bakteria, tunaiweka mirija mahali pasipo na oksijeni kwenye nyuzi 37 za Selsiasi, tunawaacha mpaka kesho yake. Mrija wa glukosi ukiutoa umeshakuwa wa njano na umechafuka hata huoni upande wa pili. Wa mnyororo mfupi inategemea umempanda nani. Ukiwa umepanda bifidobakteria, kundi jingine la bakteria wema wa tumboni, mara nyingi nao ni njano. Ukiwa umepanda laktobasili fulani, unaukuta zambarau ileile, maji yake yanaangaza, kana kwamba hukupanda kitu. Wa mnyororo mrefu ndio unaoshinda wengi, kwa sababu mnyororo ukirefuka unahitaji vimeng'enya maalumu vya kuukata.

Mwaka 2000 watafiti Handan Kaplan na Robert Hutkins wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, walijaribu fruktosi hizo za mnyororo mfupi kwa bakteria mbalimbali. Kati ya aina 16 za laktobasili, 12 ziliweza kuzitumia. Kati ya aina 8 za bifidobakteria, 7 ziliweza. Ndiyo maana neno "laktobasili" peke yake kwenye kopo halinitoshi. Nataka kuona jina kamili, mpaka herufi na namba za ukoo wake, ndipo niseme kama huyo na huo wanga wanaelewana.

Kuhusu bakteria wabaya, swali lako ni la msingi kabisa. Hakuna wanga unaoliwa na wema peke yao. Ila bifidobakteria wana njia yao: huivuta minyororo mifupi ikaingia ndani ya seli kwanza, wakaikatia humohumo, kwa hiyo hayabaki makombo mengi nje ya kuwalisha wengine. Halafu wakishakula wanatoa asidi ya asetiki na ya laktiki. Asidi hizo zinafanya mazingira kuwa machachu, na bakteria wengi wasababishao magonjwa hawapendi uchachu. Asidi ya asetiki nayo inachukuliwa na bakteria wengine wanaotengeneza butireti, ambayo ndiyo nishati kuu ya seli zinazotanda ukuta wa utumbo mpana. Mimi hapa ndipo ninapoona thamani kubwa ya prebayotiki, yaani chakula cha bakteria wema kama hiyo inulini: ukimlisha mmoja, jirani yake naye anapata.

Sasa rudi kwenye kopo lako, usome gramu. Tafiti zilizoonyesha bifidobakteria wakiongezeka zilitumia, kwa kawaida, gramu 5 hivi au zaidi kwa siku. Kapsuli ya kawaida haibebi hata gramu 1, na humo wamo pia bakteria wenyewe. Kwa kipimo hicho inulini ya kwenye kapsuli ni ya kujazia tu, na sipendi inavyotangazwa kama chakula. Utaipata zaidi kwenye kitunguu, kitunguu saumu na mzizi wa shikori, na watakaofaidi zaidi ni bifidobakteria wako mwenyewe waliobaki baada ya dawa. Anza kidogo, uongeze polepole. Ukianza kwa pupa utajaa gesi. Mwenye tumbo linalosumbua kila mara, au aliyepungukiwa kinga, amwone daktari kwanza. Na ukiacha kula, ongezeko hilo nalo linashuka, kwa hiyo usitegemee wiki moja ikutoshe.

SWALI: Mwalimu, mtoto wangu ana miezi miwili, ananyonya tu. Nimnunulie prebayotiki?

JIBU: Hapana, mama. Anazipata kwako. Maziwa ya mama yana sukari za minyororo ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya, tena si haba: ukiondoa maji, zinashika nafasi ya tatu baada ya laktosi na mafuta, kiasi cha gramu 5 hadi 15 katika lita moja. Zinapita hadi utumbo mpana kulisha bifidobakteria, na wapo hasa wa jamii ya infantis wenye vimeng'enya vya kuzitumia. Henry Tissier wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliwaona bifidobakteria kwenye kinyesi cha watoto wanaonyonya tangu mwaka 1899, akawatambua kwa umbo lao lenye panda. Watengenezaji wa maziwa ya kopo wengi huongeza galaktooligosakaridi, minyororo mifupi ya sukari, wakijaribu kuiga kazi hiyo. Wewe endelea kunyonyesha, na ukiona haongezeki uzito au kinyesi kina damu, mpeleke kliniki siku hiyohiyo.