Beringi ya tairi inavuma: jinsi ya kuitambua, kuitoa, na kutoiua mpya siku unayoifunga

Beringi nyingi za tairi zinazorudi kuvuma baada ya wiki tatu hazikuwa mbovu dukani. Ziliuawa kwa nyundo siku ile ile zilipofungwa. Sehemu kubwa ya kazi unaweza kuifanya nyumbani ukiwa na zana za kawaida na subira, ila kuna sehemu moja isiyotaka haraka, kuisukuma beringi mpya mahali pake, nayo tutakaa nayo muda mrefu. Mfano wetu ni tairi la mbele la Toyota Corolla NZE121, gari iliyojaa barabarani Tanzania na Kenya. Gari nyingine ndogo zenye beringi ya kupigwa presi (mashine ya kukandamiza) zinafuata njia hiyo hiyo.

Kwanza hakikisha kweli ni beringi. Mvumo wake unaanza kusikika kwenye kilomita 50 au 60 kwa saa, mzito na wa mfululizo, na unapanda kadiri mwendo unavyopanda. Ukiwa kwenye barabara tupu, weka nyutro: injini ikishuka na mvumo ukabaki vile vile, kelele haitoki kwenye injini. Kisha yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Ukikata kushoto, uzito unaegemea upande wa kulia, kwa hiyo mvumo ukiongezeka hapo, mara nyingi beringi mbovu ni ya kulia. Nasema mara nyingi, kwa sababu beringi hizi zina mistari miwili ya gololi, na ule uliokufa unaweza kuwa ndio unaopumzika wakati wa kona. Jibu la mwisho linapatikana gari ikiwa kwenye jeki.

Kinachowapotosha watu zaidi ni tairi lenyewe. Tairi lililolika kwa mawimbi linavuma karibu sawasawa na beringi. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi, mbele kisha nyuma: ukihisi meno kama ya msumeno, hamisha matairi ya mbele yaende nyuma na uendeshe tena. Kelele ikihama pamoja na tairi, umeokoa hela ya beringi. Mlio wa "tak-tak-tak" unapokata kona kali kwa mwendo mdogo ni wa jointi ya shafti, ile inayoleta nguvu ya injini kwenye tairi. Kelele inayobadilika papo hapo ukigusa breki ni ya breki.

Sasa inua gari, weka stendi, kwamisha matairi ya nyuma kwa mawe. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, usikimbilie kusema ni beringi, maana bolijointi (kiungo cha chini kinachoruhusu tairi kukata kona) iliyokufa inacheza hivyo hivyo. Mwite mtu akanyage breki kwa nguvu, kisha tikisa tena. Breki inafunga habu (chuma kinachozunguka na tairi) na nyumba ya beringi (chuma kisichozunguka, beringi inamokaa) kuwa kitu kimoja, kwa hiyo mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni bolijointi. Mchezo wa kushoto na kulia peke yake, tazama tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza tairi.

Lakini beringi nyingi zinazovuma hazina mchezo wowote. Hapo tumia springi ya shokapu. Weka vidole juu yake, zungusha tairi kwa mkono mwingine. Beringi nzima inapita kimya, ila iliyochoka inatuma mkwaruzo unaousikia vidoleni kama mchanga laini ndani ya chuma, hata pale ambapo sikio halisikii kitu. Fanya hivyo pande zote mbili ulinganishe, maana pedi za breki zinazogusa kidogo nazo zinakwaruza.

Usiendelee kuitembelea hivyo. Beringi iliyolegea inaruhusu diski kuyumba, nayo inazirudisha pedi nyuma, na siku moja unakanyaga breki pedali inashuka zaidi ya ulivyozoea. Ikiachwa zaidi, inapata moto na kuharibu habu, na mwisho wake ni tairi kukwama au kutoka.

Kuhusu kununua: tafuta namba yake kwenye beringi ya zamani au kwa namba ya chesesi, usikadirie kwa macho. Koyo, NSK na NTN ni majina yanayoaminika, na kwa sababu hiyo ndiyo yanayoigwa. Angalia maandishi yaliyochongwa kwenye ringi yenyewe, si boksi, na zungusha kwa kidole: iende laini bila kukwama. Beringi ya mtumba iliyong'olewa kwenye nyumba yake usiichukue hata kwa bei ya kutupa, kwa kuwa kule kung'olewa tu kumeshaiumiza. Afadhali, ukipita Gerezani Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi, uulize nyumba nzima ya mtumba ikiwa na habu yake ndani. Hiyo haijaguswa na presi. Izungushe, isikilize, ukiridhika funga kama ilivyo. Pamoja na beringi nunua nati mpya ya shafti na klipu mpya, ile ringi inayoizuia beringi isitoke kwenye nyumba.

Kufungua kunaanza tairi likiwa chini. Kwenye NZE121 mdomo wa nati ya shafti umekunjwa ndani ya mfereji, kwa hiyo uinue kwanza kwa tindo nyembamba, ukilinda nyuzi za shafti. Kwenye Corolla za zamani utakuta kotapini na kofia yake. Mtu akanyage breki, ingia na boksi ya 30 na mpini mrefu, ulegeze. Ukishalegeza, usiisogeze gari hata hatua moja. Nati ile ndiyo inayobana nusu mbili za ringi ya ndani, na gari ikitembea bila mbano huo, uzito wote unaangukia gololi chache.

Inua gari, stendi, toa tairi. Kalipa (kishikio cha pedi za breki) itoke pamoja na bano lake, uifunge kwa waya kwenye springi; ikining'inia kwa mpira wa breki inaukata kwa ndani. Toa diski. Kama kuna sensa ya ABS (mfumo unaozuia tairi lisikwame ukikanyaga breki), fungua bolti yake ndogo na uivute kwa upole. Ikigoma kwa kutu usiipige, achia waya wake kwenye vishikio na uiondoe pamoja na nyumba kwa uangalifu. Tairodi inaachia ukigonga ubavu wa mkono wa chuma iliyoingia, si nyuzi zake. Chini, bolijointi imeshikwa kwenye mkono wa chini kwa bolti moja na nati mbili, hivyo huna haja ya kupigana na koni yake. Juu, bolti mbili za shokapu: zichoree alama kwa rangi au msumari kabla ya kufungua, ili zirudi karibu na zilipokuwa.

Kuitoa shafti, rudisha nati ilingane na ncha yake, weka kipande cha mbao, gonga. Shafti ikishaachia, ishike. Usiivute kuelekea nje wala kuiacha ining'inie, kwa sababu jointi ya ndani inaweza kuachana ndani ya mpira wake, na hapo umejiongezea kazi ya siku nzima.

Sasa una nyumba ya beringi mkononi, na ushauri wangu wa wazi ni huu: ipeleke kwenye karakana yenye presi. Kufungua na kufunga umefanya mwenyewe, unalipia presi tu. Lakini simama pale uangalie, maana hapa ndipo beringi inapopona au kufa.

Sababu ni rahisi kuiona ukiishika beringi. Kuna ringi ya nje, ringi ya ndani, na katikati gololi. Ringi ya nje inakazana ndani ya nyumba, ringi ya ndani inakazana juu ya habu. Ukiisukuma beringi iingie kwenye nyumba kwa kukandamiza ringi ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi kabla ya kufika ringi ya nje. Kila gololi inachimba kishimo kidogo kwenye njia yake, kishimo ambacho jicho halikioni, na gari ikianza kutembea kila gololi inapita juu ya vishimo hivyo mara mamia kwa dakika. Huo ndio mvumo unaorudi baada ya wiki chache, na mteja anaambiwa beringi za siku hizi ni feki. Kanuni ni kwamba ringi inayokaza ndiyo inayosukumwa. Kwa nyundo kanuni hii haiwezekani kuitunza, kwa sababu pigo linaingia upande na kupita kwenye gololi kila mara.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Habu inasukumwa itoke kwanza, na karibu kila mara inatoka na nusu ya ringi ya ndani imeganda juu yake. Ikate kwa grenda, mfereji mmoja wa mshazari, uishie kabla ya kugusa habu, kisha tindo iingie kwenye mfereji na ringi itapasuka. Ukiichimba habu kwa grenda, au ukikuta imeshageuka bluu kwa moto au imelika mahali ringi ilipokaa, nunua habu nyingine. Beringi mpya haikai imara juu ya habu iliyolika. Toa klipu, sukuma beringi ya zamani itoke, safisha tundu hadi ling'ae, na upake mafuta kidogo.

Beringi mpya ikae kwenye friza saa chache ndani ya mfuko wa plastiki, na nyumba uipashe kwa maji ya moto kisha uikaushe. Usitumie gesi ya kuchomelea. Ringi ya nje ya beringi ya zamani, ukiipunguza kidogo kwa grenda isikwame, ni kifaa kizuri cha kusukumia. Beringi mpya iingie wima hadi igonge kituo, kisha klipu ikae kwenye mfereji wake pande zote. Ndipo habu iingie, na sasa ringi ya ndani ndiyo itegemezwe kwa chini na kipande cha bomba la ukubwa wake. Mafundi wengi wanaisahau hatua hii ya pili: wanaegemeza nyumba, na gololi zinabeba nguvu yote. Usiifungue beringi kuongeza grisi wala kuiosha kwa petroli, imekuja na grisi yake na sili zake.

Kwenye gari ambazo ABS inasoma ringi ya sumaku ndani ya sili ya beringi, upande huo lazima utazame sensa. Uutambue kwa klipu ndogo ya chuma ya kubania karatasi: upande wenye sumaku unakivuta. Ukigeuza, taa ya ABS itawaka na kazi yote itarudiwa.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, isipokuwa nati ya shafti. Ikaze gari ikiwa bado kwenye stendi, diski na kalipa zimeshafungwa, pedali imepigwa hadi imekuwa ngumu, na mtu amekanyaga breki, ili beringi isibebe uzito kabla haijabanwa. Kiwango kwa Corolla hii ni Nm 216 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kama huna spana ya toki, inayopima nguvu hiyo, mizani ya ndoano ya kupimia magunia inatosha: mpini wa mita 1 kutoka katikati ya nati, umelala kuelekea kushoto kwako ukitazama habu, vuta juu wima hadi mizani isome kilo 22, na uongeze kilo moja kwa uzito wa mpini wenyewe. Ukikaza kwa kukisia, ikilegea nusu za ringi zinasuguana, na ikizidi sana unaumiza nyuzi. Kisha kunja mdomo wa nati kwenye mfereji.

Nati za tairi ni Nm 103, kwa msalaba. Piga pedali tena kabla gari haijasogea. Zipime tena nati za tairi baada ya kilomita 50 hivi, na upite alaimenti (kupima mwelekeo wa matairi), kwa kuwa bolti za shokapu zilifunguliwa hata kama alama zako zimelingana.

Tairi la nyuma la gari hii ni nafuu kabisa: beringi na habu ni kitu kimoja, bolti 4, hakuna presi. Hakikisha tu unanunua ya aina yako, yenye ABS au isiyo nayo, kwa kuwa sensa imeunganishwa nyuma ya habu yenyewe.

Na kama beringi za upande mmoja zinakufa mara kwa mara ingawa zimefungwa vizuri, tazama mambo mawili. La kwanza ni rimu pana au vipande vya kutanulia tairi, vinavyosogeza uzito nje ya mstari wa gololi. La pili ni maji. Habu iliyopata moto ikizama ghafla kwenye barabara iliyofurika, hewa iliyo ndani inanywea na kuvuta maji kupitia kwenye sili, na kutu inaanza siku hiyo hiyo. Wakati wa masika, kabla ya kuvuka maji, simama dakika chache habu zipoe.