Kabla Hujalipia Santuri, Itoe Kwenye Kava

Santuri niliyoitafuta kwa miaka mitatu niliipata siku moja alasiri, nikaikosa usiku wa siku hiyohiyo. Kava lilikuwa safi, kona zake zote nne zimesimama, rangi hazijapauka hata kidogo. Nililikumbatia mpaka kwa muuzaji, nikalipa, nikakimbilia nyumbani. Nilipoitoa sahani yenyewe nikakutana na lebo ya rangi nisiyoitarajia. Ilikuwa santuri ya msanii mwingine kabisa. Bila shaka kuna mtu, miaka mingi nyuma, aliyesikiliza santuri mbili usiku mmoja, akamaliza, akairudisha kila moja kwenye kava la mwenzake. Kosa lake likahama nyumba hadi nyumba mpaka likanifikia mimi. Kesho yake niliporudi dukani niliambiwa kitu kikishauzwa hakirudi. Iliniuma, na hadi leo nikikumbuka inaniuma.

Tangu siku ile sinunui santuri iliyokwisha kutumika bila kuitoa kwenye kava. Naelewa kwa nini wengi hawafanyi hivyo. Ukiwa umezoea kusikiliza muziki kwenye simu, kushika kava la santuri kubwa, upana wa sentimita 30 na ushei, ni raha ya aina yake. Unasoma majina ya wapiga vyombo, unaangalia picha, moyo unakuwa umeshanunua kabla mkono haujaingia mfukoni. Lakini sindano haisomi picha. Inapita ndani ya mfereji, ule mstari mwembamba uliochongwa kuizunguka sahani, na hali ya mfereji huijui mpaka uuangalie.

Kwanza omba ruhusa. "Naomba niitazame," inatosha. Sijawahi kukataliwa na muuzaji anayeipenda kazi yake, na anayekataa ananipa habari muhimu kuhusu bidhaa zake. Kisha inamisha kava taratibu, iache sahani iteleze pamoja na mfuko wake wa ndani mpaka ukingo utue kwenye shina la dole gumba, na vidole vingine viishikilie pale kwenye lebo. Uso wenye mifereji usiuguse. Mafuta ya vidole hukamata vumbi, na vumbi lililoshikana na mafuta ni gumu kulitoa.

Sasa tafuta mwanga. Taa ndefu za dari zinazomwaga mwanga kila upande hufanya karibu kila santuri ionekane safi. Unachohitaji ni mwanga unaotoka sehemu moja: balbu, dirisha lenye jua, au tochi ya simu. Iinamishe sahani, igeuze polepole, uone mng'ao unavyotembea juu yake. Santuri nzuri ni nyeusi ya kung'aa, na mng'ao unapita bila kukatika. Ile iliyochezwa mno, hasa kwa sindano iliyokwisha, ina weusi uliofifia, kama umepakwa majivu. Hiyo kijivu haioshwi. Ni kuta za mfereji zenyewe zilizolika, na muziki ulioandikwa kwenye kuta hizo umekwenda nazo.

Mikwaruzo nayo si mamoja. Ile myembamba kama unywele, inayoonekana tu ukiinamisha sahani kwa pembe fulani, mara nyingi haisikiki. Nikiuona mkwaruzo unaonitia shaka, namwomba mwenye duka aupitishe ukucha wake juu yake, kwa wepesi sana. Ukucha ukiuhisi, na sindano itauhisi. Angalia pia unaelekea wapi. Mkwaruzo unaokata kutoka ukingoni kuelekea katikati utakupa mlio wa "tak" kila sahani inapomaliza mzunguko, na kwa mizunguko 33 na theluthi kwa dakika hiyo ni kila baada ya sekunde 1.8. Unaweza kuuvumilia ukiwa mfupi. Ninaouogopa ni ule unaokwenda sambamba na mifereji, kwa sababu huo ndio unaoivuta sindano nje ya njia yake, mwimbaji akabaki anarudia neno moja hadi uinuke ukamsaidie. Alama za vidole, vumbi, hata madoa mepesi ya ukungu, visikukimbize, vingi vinatoka kwa kuoshwa. Ila ukiona utandu kama wa mvuke ambao haufutiki, uliza santuri ilihifadhiwa wapi. Baadhi ya mifuko laini ya plastiki ikikaa na santuri miaka mingi huiachia kemikali, na alama hiyo haitoki.

Kuna sehemu nyingine ambayo watu wengi hawaiangalii: tundu la katikati. Mtu anapoweka santuri kwenye pleya bila uangalifu, ncha ya chuma hukwaruza karatasi ya lebo kabla haijaingia tunduni. Kila kukosea kunaacha kamstari. Ukikuta vimstari vingi vimelizunguka tundu, jua santuri hiyo imechezwa mara nyingi sana, hata kama mifereji inang'aa. Ukikuta lebo haina hata kimoja, furahi. Mimi huangalia hapo kabla ya kuangalia bei.

Mwisho iinue hadi usawa wa macho, uangalie ukingo kama fundi anavyoangalia ubao. Ikipanda na kushuka kidogo, sindano itaifuata. Ikiwa na mkunjo mkali sehemu moja, iache. Joto ndilo linalozipinda, na sijaona njia ya nyumbani ya kuzinyoosha ninayoweza kumshauri mtu aijaribu kwenye santuri anayoipenda.

Kwenye stika ya bei utakuta herufi, na herufi hizo zimewapotosha wanunuzi wengi. Maduka mengi yanafuata ngazi zilizoenezwa na jarida la Marekani liitwalo Goldmine. M ni santuri isiyo na kasoro yoyote. NM ni karibu na hiyo. VG+ imetumika lakini imetunzwa. VG, ambayo ukiitafsiri neno kwa neno ni "nzuri sana", kwa kweli ina kelele utakazozisikia sehemu za muziki mtulivu. Na G, "nzuri", imechakaa. Kwa hiyo usiende na tafsiri ya kamusi. Kumbuka pia kwamba mara nyingi stika ina alama mbili, moja ya sahani na moja ya kava. Uliza ipi ni ipi. Mimi nachukua VG+ yenye kava lililochanika kuliko VG yenye kava jipya, na sijajuta.

Duka likiwa na pleya ya kusikilizia, itumie, na usipoteze muda kwenye wimbo wa kwanza. Nenda wimbo wa mwisho wa upande. Sahani inazunguka kwa kasi ileile tangu mwanzo hadi mwisho, lakini duara la nje ni kubwa na la ndani ni dogo. Kwenye santuri ya inchi 12, mfereji unapita chini ya sindano kwa takribani sentimita 50 kila sekunde pale ukingoni, na karibu na lebo ni kama sentimita 21 tu. Sauti ileile inabanwa kwenye nafasi isiyofika hata nusu, na uchakavu wowote hujitokeza hapo kabla ya kwingine. Sikiliza herufi "s" za mwimbaji. Zikiwa zinachanika na kutemea mate, hakuna kuosha kutakakozirudisha. Ukipata sehemu yenye piano iliyoshikilia noti ndefu, sikiliza kama noti inayumba. Ikiyumba kwa mpigo sawa na mzunguko wa sahani, huenda tundu halikutobolewa katikati barabara, na hilo ni kosa la kiwandani.

Kuhusu umri, usiamini mwaka ulioandikwa kwenye kava. Huo mara nyingi ni mwaka wa kurekodiwa, na nakala uliyoishika inaweza kuwa imechapwa miongo kadhaa baadaye. Njia ya haraka ni kuangalia msimbo wa mistari. Bidhaa ya kwanza kupitishwa kwenye mashine ya kusoma misimbo hiyo dukani ilipitishwa Juni 1974, kwa hiyo kava lenye mistari hiyo haliwezi kuwa chapa ya kwanza ya mwaka 1965, haidhuru muuzaji aseme nini. Njia ya uhakika zaidi ni kuiinamisha sahani na kusoma kile kipande kitupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Humo kuna namba zilizokwaruzwa au kugongwa, na wakati mwingine alama ya fundi aliyeikata, yaani aliyechonga mifereji ya sahani mama ambayo nakala zote hutokana nayo. George Peckham wa Uingereza, kwa mfano, alikuwa akiandika kwa mkono maneno "A Porky Prime Cut", na wapo wanaoyatafuta maneno hayo hadi leo. Chukua namba hizo uzilinganishe na kumbukumbu za Discogs, tovuti inayoorodhesha santuri na chapa zake, utajua umeshika chapa ipi. Chapa ya kwanza si lazima iwe na sauti bora kuliko ya baadaye. Kama lengo lako ni kusikiliza, chapa ya baadaye iliyotunzwa inatosha kabisa.

Kuhusu santuri mpya nina maneno machache. Stika ya "gramu 180" inakuambia uzito tu. Sahani za kawaida huwa kama gramu 120 hadi 140, na zipo za uzito huo zenye sauti ya kukutoa machozi. Cha kuuliza ni nani aliyeikata na kutoka kwenye kanda ipi, na kama muda wa upande mmoja umezidi sana dakika 22 hivi, jiandae kwa sauti iliyoshushwa ili mifereji itoshe. Zile za zamani za mizunguko 78 kwa dakika ziache kama pleya yako haina sindano yake. Mfereji wake ni mpana mara kadhaa, sindano ya kawaida inatambaa chini kwenye vumbi, na sahani zenyewe huvunjika kama chungu.

Nimesema mengi kuhusu sahani, na sasa niseme kuhusu mtu aliye nyuma ya meza, kwa sababu yeye ndiye tofauti kati ya duka la mtu binafsi na ghala la mtandaoni. Amesikiliza alichokiweka kwenye kreti, au anamjua aliyemuuzia. Msalimie ukiingia. Usimwambie "nataka kitu kizuri", hilo halimsaidii. Mtajie santuri tatu unazozipenda na useme unachokipenda ndani yake: hilo besi, huo ulegevu wa ngoma, hivyo waimbaji wawili wanavyopokezana. Mimi nimeletewa muziki ambao nisingeutafuta hata baada ya miaka kumi kwa sababu nilisema napenda jinsi tarumbeta linavyochelewa kidogo nyuma ya ngoma.

Muulize kreti ya vitu vipya inajazwa siku gani, ujitahidi kufika siku hiyo. Unapopekua, kamata kava kwa juu na ulivute mbele, usilisukume kwa kucha. Mkoba wako uweke chini, usiuweke juu ya kreti. Kilichotoka kwenye herufi K kirudi kwenye K, maana santuri iliyorudishwa pasipo pake inaweza kukaa mwaka mzima bila kuonekana na anayeitafuta. Kuomba kupunguziwa si vibaya ukiwa umeshika tano au sita. Kwa moja, lipa. Ukitaka kulinganisha bei kwenye simu, linganisha, lakini usimnyooshee kioo usoni. Bei ya mtandaoni haikupi nafasi ya kuinamisha sahani chini ya balbu. Kila mwaka, kwa kawaida Jumamosi moja ya Aprili, kuna siku maalumu ya maduka haya, iliyoanza 2008, na kampuni hutoa nakala chache kwa ajili ya siku hiyo. Ni siku ya furaha na foleni. Ukitaka kuzungumza na mwenye duka, nenda Jumanne.

Ukifika nyumbani ioshe kabla ya kuicheza, hata kama ni mpya, ukifuata mzunguko wa mifereji na bila kulowesha lebo. Badilisha mfuko wa ndani. Isimamishe wima. Na njiani usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani, hata kwa dakika za kununua mkate.

Lile kava tupu sikulitupa. Lilikaa rafuni miaka miwili, na kila duka nililoingia niliuliza kama wanayo sahani yake. Katika duka moja dogo mzee mwenye duka hakuahidi kitu. Aliniomba namba ya chapa iliyo kwenye mgongo wa kava, akaiandika kwa penseli kwenye daftari lake. Nilikwenda pale mara nyingi baada ya hapo, na hatukulizungumza tena. Siku moja aliniona mlangoni, akainama chini ya meza, akatoa mfuko mweupe wa karatasi usio na kava. "Hii ililetwa na mama mmoja," alisema. "Kava lake liliharibiwa na maji." Akanisogezea taa ya mezani, akanipa sahani niiangalie mwenyewe, na wala hakusema kitu mpaka nilipomaliza upande wa pili.