Kwa mnaoanza kutafuta buibui wa mlango msitu wa Kakamega

Wadogo zangu mnaokuja Kakamega kusomea buibui wa mlango, jembe liacheni kambini. Vibali vya NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti, na vya wasimamizi wa msitu, yaani KWS (Shirika la Wanyamapori) upande wa Buyangu na Huduma ya Misitu upande wa Isecheno, vitafuteni mapema.

Jike huchimba shimo kwa taya zake, akalitandika hariri, kisha akalifunika kwa kifuniko cha udongo na hariri chenye bawaba upande mmoja. Tazameni kingo za njia zenye udongo ulioshikamana, pale majani makavu yasiporundikana. Tochi imulike kwa ubavu, si kutoka juu, na kivuli kitawaonyesha mstari mwembamba uliopinda kama ukucha. Gusa kwa unyasi. Kifuniko kikivutwa kwa ndani, mwenyewe yumo. Hapo weka alama, andika, ondoka.

Nasisitiza hili kwa kuwa naona wengi wanakimbilia kuchimba. Jike anaweza kuishi shimo lile lile maisha yake yote. Huko Australia Magharibi, mtafiti wa buibui Barbara York Main alianza mwaka 1974 kufuatilia mashimo ya Gaius villosus, buibui wa familia moja na Idiops, buibui wetu wa mlango wa Afrika. Jike aliyeitwa Nambari 16 aliishi miaka 43, na mwaka 2016 kifuniko chake kilikutwa kimetobolewa na nyigu. Tungejuaje hayo kama angechimbuliwa siku ya kwanza? Tena watoto wao hutembea kwa miguu, hawafiki mbali, kwa hiyo ukingo mmoja huwa ni mtaa mzima wa ndugu. Ukiuharibu, umeumaliza mtaa.

Mkihitaji kielelezo cha kutambua spishi, mtegeeni dume. Akikomaa huacha shimo na kuzurura akitafuta jike, hasa ardhi ikiwa na unyevu, na viungo vyake vya uzazi kwenye pedipalpi, vile vikono viwili vya mbele karibu na mdomo, ndivyo vinavyosaidia sana kutofautisha spishi. Fukia kikombe mdomo ukiwa sawa na ardhi, ukiezeke kwa kipande cha bati kuzuia mvua, ukikague kila asubuhi. Dume awekwe kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80. Mguu mmoja utengwe kwenye ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA. Lebo iandikwe kwa penseli na itumbukizwe ndani ya chupa, maana wino wa kalamu za kawaida huyeyuka humo.