Kabla hujanunua kiwanja kijijini, panga nyumba mwaka mzima

Usiku mmoja wa Aprili 2021 mume wangu alinigusa bega akaniuliza kama nasikia. Nikadhani ni fuso linapanda mlima na mzigo wa kabichi. Tukatoka barazani na tochi. Maji yalikuwa yanashuka kwa kishindo, yanapita katikati ya kiwanja tulichokilipia miezi miwili nyuma, yanaingia bondeni kama watu wanaorudi kwao. Kulipokucha tofali za kuchoma tulizokuwa tumezipanga vizuri zilikuwa zimelala kwenye tope, na kamba ya msingi haikuonekana tena.

Bibi jirani alikuja na jembe kutusaidia kuzichimbua. Nikamwamkia, akaitikia, akafanya kazi kama nusu saa bila neno. Kisha akasema: "Mwanangu, hapa maji hupita kila mwaka masika yakiwa makubwa. Nyie mlinunua kiangazi, na hamkuuliza."

Karatasi zetu zote zilikuwa safi. Tulipita kwa mwenyekiti, tukafika kwa mtendaji, majirani wa mipaka walisaini, ndugu wa muuzaji walikuwepo. Tulichokosa hakiandikwi kwenye karatasi. Ndiyo maana kila mtu anayenipigia simu kuniuliza juu ya kuhama mjini na familia namwambia jambo hili kwanza: hamia, lakini panga nyumba, ukae mwaka mzima. Pitia kiangazi, masika, baridi na vuli ukiwa mpangaji. Ukishaona miezi kumi na miwili ya mahali hapo, ndipo utoe hela ya ardhi.

Tulitoka Tabata, Dar es Salaam, Januari ya mwaka huohuo. Mume wangu alikuwa anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi watoto wameshalala, na kuna Jumapili mtoto wetu mdogo alimwogopa kama mgeni. Hilo ndilo lililotuamulia. Mume wangu asili yake ni huku Usambara ingawa amezaliwa na kukulia Dar. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, mlima nilikuwa nauona nikisafiri tu. Fuso lilipakia usiku, likapita Chalinze, Segera na Korogwe, na jioni likaanza kupanda kona za kutoka Mombo kwenda Soni. Kijiji chetu kiko juu ya Soni, wilayani Lushoto.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya vyumba vitatu na uwanja mpana, 60,000 kwa mwezi. Tabata tulikuwa tunalipa 250,000, miezi sita kwa mkupuo. Tofauti hiyo ndiyo inayowachanganya wengi, na sisi ilituchanganya. Ukiona kodi imeshuka hivyo unajiona tajiri, unakimbilia kununua. Tulia. Mwenye nyumba kijijini ni mwalimu wako wa kwanza. Anajua kisima gani hukauka Septemba, njia gani haipitiki na bodaboda mvua ikinyesha, na nani ana kesi ya mpaka na nani.

Unapofika wakati wa kutafuta ardhi, tembea nayo. Usiitazame ukiwa umesimama barabarani na dalali. Nenda na mama au bibi anayepita hapo kila siku kuchota maji au kukata majani ya ng'ombe, umuulize maji ya masika hupita wapi, watu hukatiza wapi, na zamani palikuwa pa nani. Huku mashamba mengi ni ya ukoo. Mtu anaweza kukuuzia kwa moyo mweupe, kumbe kaka yake aliyeko Tanga mjini hajashirikishwa, na akirudi Idd ni ugomvi. Kuhusu sheria, ardhi ya vijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kwa hiyo kuandikishana barazani kwa muuzaji, hata kukiwa na mashahidi kumi, hakutoshi. Fuatilia hadi upate hati ya hakimiliki ya kimila. Na wanawake wenzangu, jina lako liwemo. Sheria hiyohiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, lakini jina halijiandiki lenyewe.

Baridi sikuitegemea. Juni na Julai ukungu unaingia hadi sebuleni, nguo haikauki siku tatu, na viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Mtoto wetu mdogo alikuwa na miaka mitatu na kifua chake ni chepesi. Jirani mmoja mwenye nia njema aliniambia niingize jiko la mkaa chumbani nifunge madirisha, mtoto apate joto. Tafadhali, hili usilifanye hata mara moja. Mkaa ukishakolea, moshi unaonekana umekwisha, lakini hewa yake ya sumu haina harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Nunua mablanketi mazito mapema, soksi, sweta za mitumba zipo tele sokoni Lushoto, na mtoto mwenye kifua mlaze chumba kisicho na ukuta unaotoa unyevu. Vyumba vya namna hiyo utavijua ukikaa nyumba ya kupanga. Nyumba yetu wenyewe tulipokuja kuijenga, tuligeuza madirisha ya vyumba vya watoto yaelekee jua la asubuhi.

Sasa hela. Watu wengi huniambia, "Tutalima." Mume wangu ni mhasibu. Kabla hatujafunga hata sufuria moja alikuwa ameshakubaliana na maduka mawili ya vifaa vya ujenzi kule Dar awaandalie hesabu zao kila mwisho wa mwezi kwa njia ya mtandao. Hizo ndizo zilizotulisha mwaka wa kwanza. Mimi nilikuja na cherehani yangu, nikijua kushona hakukosi mteja. Ni kweli hakukosi, ila mteja wa kijijini ana hela kwa msimu. Sare za shule Desemba na Januari, nguo za Idd, halafu kimya. Katikati unaandika kwenye daftari na kusubiri watu wauze viazi. Nilipoelewa hivyo niliacha kununua vitambaa kwa hela ya mwezi huohuo. Nilianza kuviweka akiba baada ya Idd, bei ikiwa imepoa.

Viazi mviringo tulipanda robo eka masika yale. Vilikua vizuri, mimi nikivipiga picha kila siku. Kisha zikaja siku nne za ukungu na manyunyu, na nikaona majani yana mabaka ya kahawia kama yameunguzwa na maji ya moto, nikigeuza jani upande wa chini naona utando mweupe. Ni ugonjwa wa bakajani. Majirani walikuwa wameshapiga dawa kabla ya mvua ile, maana wao huangalia wingu, siyo jani. Tulivuna kidogo. Dalali akaja na magunia yake, akashindilia, akashona kilemba juu hadi gunia likawa kama mtungi. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini mkulima mpya mwenye viazi vinavyoanza kuoza hana nguvu ya kubishania lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Tulipata hela ya kununua mbegu ya msimu uliofuata, basi.

Kwa hiyo uwe na kipato kisichotegemea mvua, walau kwa masika mawili. Shamba lianze kama mboga ya nyumbani: mchicha, maharage, kuku watano. Na kaa chini na mwenzako mwandike vitu ambavyo vitapanda bei, siyo vile vya kushuka tu. Mtungi wa gesi ni ghali zaidi huku kwa sababu unapandishwa mlima. Bando la intaneti ni lazima. Msiba au harusi ya Dar ni siku nzima njiani kwenda na siku nzima kurudi, na huwezi kwenda mikono mitupu. Weka pia taslimu ndani ya nyumba, maana kuna siku wakala wa pesa za simu hana hela ya kukutolea na mtoto anaumwa.

Kuhusu kuumwa nitasema kifupi. Wiki ya kwanza, ujue zahanati iko wapi na inafungwa saa ngapi, ujue kituo cha afya kilicho karibu, na uwe na namba za madereva wawili wa bodaboda wanaokubali kuamshwa usiku. Wawili, kwa sababu mmoja atakuwa ameshuka Mombo. Mwaka tuliohamia tulijiunga na CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii), ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Uliza mpango uliopo sasa. Na neti ya mbu usiitupe kwa kuwa huku mbu ni wachache: mtoto akizoea mlimani kisha akashuka likizo Pwani, malaria humkamata vibaya.

Shule ndiyo iliyonitoa machozi. Mtoto wetu wa pili alikuwa anaingia darasa la tano, na kule Dar alikuwa anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza. Alikuwa mzuri wa hesabu. Nikajiambia, Kiswahili si ndiyo lugha yake, ataingia tu. Wiki ya pili alirudi na daftari amelikunja mkononi, akasimama mlangoni jikoni. "Mama, kigawe ni nini?" Nikamweleza kigawe, nikamweleza KDS (kigawe kidogo cha shirika), nikamweleza KKS (kigawo kikubwa cha shirika). Akachukua penseli akafanya maswali yote sita papo hapo, yote sawa. Alikuwa anayajua tangu darasa la tatu. Darasani alikaa nayo saa nzima akiona aibu kwa sababu hakujua yanaitwaje. Kesho yake ikawa kiasi na asili, namba ya juu na ya chini ya sehemu. Kesho kutwa, usanisinuru. Mtihani wa kwanza alikuwa wa thelathini na nane, mtoto aliyezoea kuwa wa tatu, na usiku ule hakula.

Mwalimu wake wa hesabu alitusaidia sana. Alimruhusu abaki nusu saa baada ya masomo, wakatengeneza daftari dogo la maneno, ukurasa mmoja kila somo. Daftari lile bado ninalo. Nawe ukiwa na mtoto wa namna hiyo, nunua vitabu vya kiada vya Kiswahili muhula mmoja kabla, msome pamoja jioni mkiwa bado mjini. Hamisha mwanzoni mwa mwaka, siyo katikati, na usihamishe mtoto aliye darasa la nne au la saba mwaka wake wa mtihani. Mwandae pia kwa yasiyo ya darasani. Shule ya huku anakwenda na jembe siku ya shamba, fagio siku nyingine, kidumu cha maji, na unatoa mchango wa mahindi na maharage ya chakula cha mchana. Wangu hakuwahi kushika jembe, na mikono yake ilitoka malengelenge. Nilimfundisha nyuma ya nyumba Jumamosi mbili, mbali na macho ya wenzake.

Mtu mwingine anayepaswa kujifunza ni wewe. Dar mtu akifiwa tunachanga kwenye kundi la WhatsApp, tunatuma kwa simu, tunakwenda mazikoni saa tisa. Huku msiba ukitokea, majembe yanalala. Wanaume wanachimba kaburi, kina mama wanapika tangu alfajiri, na hakuna anayekuita. Msiba wa kwanza nilituma 10,000. Mama mmoja aliipokea kwa heshima zote, akaniuliza, "Na wewe mwenyewe utakuja saa ngapi?" Nilivaa kanga nikaenda, nikamenya ndizi hadi vidole vikawa vyeusi. Tangu siku hiyo watoto wa njia ile walianza kuniamkia kwa jina la mwanangu. Na ni katika kumenya ndizi huko, siku nyingine, niliposikia kwamba kuna eneo juu kidogo ya barabara ambalo halijawahi kupitiwa na maji hata wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Nyumba yetu iko hapo sasa. Kile kiwanja cha chini tumepanda magimbi na migomba, maana huko maji ni neema.

Binti yetu mkubwa hakuja nasi. Alikuwa anaingia kidato cha pili, tukaona tusimkate katikati, akabaki kwa shangazi yake Tabata. Uamuzi ule nimeurudia moyoni mara nyingi, na nikiulizwa ningefanya nini leo, bado ningemwacha amalize, lakini ningemketisha na kumuuliza kabla hatujaamua. Tulimwambia tukiwa tumeshalipa fuso. Miaka miwili alikuja likizo kama mgeni, begi lake halifunguliwi lote, na kwenye simu alikuwa anasema "huko kwenu." Kama una mtoto wa umri huo, mlete aone mahali kabla, mpe chumba au hata kona yenye vitu vyake hata kama atalala hapo mara mbili kwa mwaka, na usimkataze kukasirika.

Novemba 2023 alipomaliza mtihani wa kidato cha nne alipiga simu jioni. Hakuzungumzia mtihani. Aliuliza kama plamsi za nyuma ya nyumba zimeiva. Nikamwambia bado, labda Desemba katikati. Akasema, "Basi msizichume zote, nakuja nyumbani."