Bakuli Lililojaa Lilinidanganya: Maji ya Mbwa na Paka Wakati wa Kaskazi

Juzi msomaji mmoja wa Tanga aliniuliza kama ni jambo la kawaida paka kushinda siku nzima bila kuonekana akinywa maji, ilhali joto la Februari linawafanya watu wenyewe walale sakafuni. Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha nikaona siwezi kuishia hapo, kwa sababu swali lake lilikuwa limegusa kidonda nilichodhani kimekwisha kufunga. Nitamjibu basi kwa kirefu, naye aniwie radhi nikianza na habari za mbwa.

Miaka sita iliyopita nilikuwa na mbwa aitwaye Jasiri, chotara wa German Shepherd mwenye manyoya mazito na uzito wa kilo 32, niliyemlea tangu alipokuwa akilala ndani ya boksi la viatu. Kama ilivyo katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, mchana alifungiwa bandani na usiku akifunguliwa alinde. Banda hilo nililijenga kwa mikono yangu huko Kigamboni, bati juu na bati ubavuni, nikaliona fahari kiasi cha kumwonyesha kila mgeni. Leo nikilikumbuka naona nilijenga tanuri.

Mwezi mmoja maji ya bomba yalikatika kwa zaidi ya wiki. Ya kunywa na kupikia tulinunua madumu ya maji baridi kwa vijana wa mikokoteni (msomaji wa bara asinielewe vibaya, maji baridi kwetu ni yale yasiyo na chumvi, hata kama yameshinda juani), na kwa kufua, kuoga na kumpa mbwa tulitumia maji ya kisima cha jirani, ambayo ukiyasukutua yanakuachia chumvi kwenye fizi. Kila jioni nilipotoka kazini nilichungulia bandani, nikalikuta bakuli limejaa karibu vilevile kama nilivyoliacha asubuhi, nami nikaridhika kwamba Jasiri hana kiu. Haikunijia akilini kwamba mbwa anayeshinda ndani ya bati, kwenye joto la nyuzi 33 za nje, hawezi kukosa kiu, na kwamba bakuli lilikuwa limejaa kwa sababu ameyaonja maji yale akayakataa.

Siku ya tano nilimkuta amelala ubavu, anahema kwa kasi, fizi zimekauka na mate yamekuwa mazito yenye kunata kama uji wa muhogo. Nilimvuta ngozi ya mabegani, ikabaki imesimama badala ya kurudi. Kisha nikafanya kosa la pili: nilimpanua mdomo nikammiminia maji kwa chupa, akapaliwa. Daktari wa mifugo alinikemea kwa hilo kabla hata ya kumtundikia dripu, akanieleza kwamba mnyama aliyelegea hamezi sawasawa, na maji unayomlazimisha huweza kuingia mapafuni. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 41 na ushei, wakati mbwa mzima huwa na 38 au 39. Akaniuliza, "Mara ya mwisho umemwona akinywa lini, mzee?" Sikuwa na jibu. Jasiri alikufa kabla ya alfajiri.

Shemeji yangu alikuja kunipa pole, akasema huyo ni mbwa tu na kwamba atanitafutia mwingine kwa bei ya chini. Kauli hiyo sijaisahau, ingawa tunakula pamoja kila Idi.

Ndugu zangu mnaofuga, naomba mnisikilize, maana najua nanyi, kama mimi, mnataka mnyama azeeke mikononi mwenu. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Tezi zake za jasho ziko nyayoni, na kupoa kwake hasa ni kwa kuhema, yaani maji yanakauka ulimini na katika njia ya pumzi na kuondoka na joto. Kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, hewa ya pwani huwa imeshiba unyevu kiasi kwamba nguo za kwenye kamba hukawia kukauka, na ulimi wa mbwa nao ni hivyo hivyo: anahema muda mrefu, anapoteza maji, na mwili haupoi kama inavyopasa. Anachopoteza lazima kirudi, na kwa siku ya kawaida mbwa huhitaji kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa Jasiri hiyo ilikuwa karibu lita mbili, na zaidi ya hapo siku za joto kali. Mimi nilikuwa nikimwekea bakuli la lita moja, la maji asiyoyataka, nikaenda kazini na moyo mweupe.

Siku hizi nina mbwa jike, Sumbua, ambaye tumemaliza naye kaskazi ya nne bila kuonana na daktari ila kwa chanjo. Banda lake liko chini ya mwembe na limeezekwa makuti. Maji yake ni yale yale tunayokunywa sisi, nayo yamo ndani ya chungu kipana cha udongo nilichokifukia nusu ardhini, kwa kuwa bakuli jepesi mbwa hulipindua saa tatu asubuhi na kushinda bila tone hadi jioni. Ndani ya chungu nimechora mstari. Nikitoka najaza hadi mstarini, nikirudi natazama maji yameshuka vidole vingapi, na yasiposhuka siingii ndani kuvua viatu kabla sijamwita, nikamkagua fizi na kumvuta ngozi. Watu wa nyumbani hucheka. Wacheke.

Chakula nacho kina maji yake. Ugali wake naufanya laini kwa supu ya dagaa ambao nimewaosha vizuri, kwa sababu dagaa wa chumvi humwongezea kiu yule yule unayetaka kumpunguzia, na supu hiyo haitiwi kitunguu, ambacho ni sumu kwa mbwa na kwa paka pia. Ikitokea siku moja ukamkuta mnyama amezidiwa, mpeleke kivulini, mloweshe mwili mzima kwa maji ya kawaida huku ukimpepea, mwachie bakuli ajinywee mwenyewe kidogo kidogo kama anaweza, na usafiri wa kwenda kwa daktari uwe umekwisha kuitwa.

Nije sasa kwa paka wa Tanga. Paka wetu wametokana na paka mwitu wa nchi kame, na kwa asili sehemu kubwa ya maji yao huyapata ndani ya windo. Anayelishwa samaki wabichi au waliochemshwa ataonekana hanywi na asiwe na shida yoyote, lakini anayelishwa chakula kikavu cha pakiti, ambacho maji yake hayazidi sana sehemu moja kwa kumi, lazima anywe, na wengi hawanywi vya kutosha. Mhamishie maji mbali na sahani ya chakula, umpe chombo kipana kisichomgusa masharubu, na uweke kingine chumba cha pili. Maziwa usiyahesabu kuwa maji, kwani paka wengi wakubwa huwaharisha, na kuharisha ni kupoteza maji. Akiwa ni dume na ukamwona anachuchumaa tena na tena bila kutoa mkojo, usisubiri hata kesho: huenda njia imeziba, na hiyo humuua paka kwa siku chache.

Nilimwambia pia achore mstari bakulini. Jana amenijibu kwamba maji ya bakuli hayakushuka hata kidogo kwa siku mbili, akaogopa, akakesha, na saa tisa usiku akamfumania paka amesimama kwa miguu ya nyuma bafuni, kichwa kizima ndani ya ndoo ya kuogea. Nimemshauri aisuuze ndoo hiyo isibaki na sabuni, na asiifunike.