Migongano 16 na Punguzo Lililokosewa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaliandikia duka moja la jumla la Kariakoo programu ya kukokotoa bei, ambayo mwenye duka anaiandikia kanuni za punguzo yeye mwenyewe. Sarufi yangu ya Bison (programu inayozalisha kichanganuzi, yaani kisomaji cha maandishi, kutokana na kanuni za sarufi) inasema kwamba usemi ni namba, au ni usemi, kisha alama ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya, kisha usemi mwingine. Bison ilionya kwamba kuna migongano 16, lakini kichanganuzi kilizalishwa, nami nikaendelea. Sasa mwenye duka akiandika 20000 - 3000 - 2000 anapata 19000. Nimekosea wapi?
Msomaji, Sinza

JIBU: Ndugu msomaji, kosa limo katika onyo lile ulilolipita. Sarufi yako inaruhusu mstari uleule usomwe kwa njia mbili, na kizalishaji kimelazimika kukuchagulia mojawapo.

Tazama kichanganuzi kikiwa kazini. Kimekwisha kusoma 20000 - 3000, na alama ya pili ya kutoa iko mbele yake. Kinaweza kupunguza, yaani kuvikunja vitu vitatu vilivyo juu ya rundo (stack, mahali kinapoweka vilivyokwisha kusomwa) viwe usemi mmoja wenye thamani ya 17000, au kinaweza kuisukuma alama mpya juu ya rundo na kusubiri. Panapokosekana maelekezo, Bison husukuma, kama ilivyofanya Yacc, kizalishaji cha vichanganuzi kilichoitangulia, ambayo Stephen Johnson aliiandika huko Bell Labs katika miaka ya 1970. Kwa hiyo 3000 - 2000 hukokotolewa kwanza, na mteja aliyestahili kulipa shilingi 15000 hudaiwa 4000 zaidi. Alama zako ni nne, na kila moja hugongana na zote nne; ndiyo maana migongano ni 16. Jaribu pia 2 * 3 + 4, utaona 14 badala ya 10.

Katika sehemu ya matangazo, kabla ya kanuni, andika mistari hii miwili:

%left '+' '-'
%left '*' '/'

Tangazo hilo huagiza kwamba alama za daraja moja, yaani zilizo katika mstari mmoja, zikokotolewe kuanzia kushoto, na mstari ulio chini hutangulizwa kuliko ulio juu yake. Unaweza pia kuigawa sarufi katika ngazi, ili jumla iundwe kwa mazao (matokeo ya kuzidisha au kugawanya), na mazao yaundwe kwa namba. Binafsi napenda zaidi njia hii ya ngazi, kwa sababu anayeisoma sarufi huona utaratibu wote ndani ya kanuni zenyewe. Hata hivyo, kwa alama nne matangazo yanatosha.

Nakusihi usiandike %expect 16. Agizo hilo hunyamazisha onyo tu, na hesabu hubaki na kosa lake. Endesha Bison kwa chaguo la -v, kisha usome faili la .output, ambalo huonyesha kila hali yenye mgongano na kanuni zinazogombana. Mwenye duka akitaka namba hasi, kanuni yake itahitaji daraja la peke yake, ambalo hutolewa kwa %prec.